Makamasi ya Msiba

Mama yangu alikufa katikati ya majira ya mvua, baada ya miezi mingi ya kulala upande mmoja. Damu ilikuwa imempanda kichwani akiwa jikoni anasonga bukari, ugali wetu, na tangu siku ile mkono wake wa kuume na mguu wa kuume havikumtii tena. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko Kaniama. Baba aliponipigia simu nilifunga mizigo, nikaomba uhamisho, nikarudi Kamina kumtunza. Kaka zangu wako Lubumbashi na Kolwezi na wake zao na kazi zao, na kumwogesha mama mzazi si jambo ambalo mtoto wa kiume anaombwa kufanya.

Alilala kwenye kitanda chake mwenyewe mpaka mwisho. Ni kitanda cha mbao nzito, na juu yake kulikuwa na godoro la sufi, la kizamani, lililoshonewa kitambaa cha mistari ya buluu. Baba alikuwa karani wa reli, na godoro lile alilileta mwenyewe kwa treni walipooana. Magodoro ya sponji yalipoingia mjini, majirani wote walibadilisha. Mama alikataa. Alisema sponji inakula mgongo. Kila kiangazi alilitoa godoro lake uani, akalipiga kwa fimbo, akaligeuza, akalirudisha ndani. Alipougua, kazi hiyo ikakoma, kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kumlaza.

Tulimzika siku ya mvua. Wanawake wa kanisa waliimba wakiwa wamejifunika nailoni vichwani, na udongo mwekundu ulikuwa unateleza kurudi kaburini kabla hata wachimbaji hawajaanza kufukia. Mimi sikulia. Nilisimama kando ya Baba, nikamshika mkono, macho yangu yakiwa makavu kama ya mtu anayengoja treni. Nilisikia shangazi yangu, dada wa Baba, akimwambia mwanamke mwingine kwa Kiluba kwamba mwalimu amesoma sana hadi machozi yamemwisha.

Matanga yalipomalizika na wageni wakaondoka, nyumba ikabaki na sisi wawili. Baba hakuingia tena chumbani. Alilala sebuleni kwenye kiti kirefu, amejifunika koti lake la kazi. Siku moja akaniambia, bila kunitazama:

"Mama, ulalaka kwa kitanda ya mama yako. Haiko muzuri ibakie bure."

Ananiita "mama" kwa sababu nina jina la mama yake. Nikahamia. Nililala pale mama alipolala, katika shimo ambalo mwili wake ulikuwa umelifanya katikati ya sufi, na nikajifunika bulangeti lake zito la rangi ya kahawia. Kulala pale kulinituliza kuliko maneno yote niliyoambiwa na wafariji.

Baada ya majuma machache pua yangu ikaanza.

Ilianza na mwasho juu ya kaakaa, mahali ambapo ulimi haufiki. Kisha chafya, moja juu ya nyingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi kati yake. Kisha maji. Hayakuwa makamasi mazito ya mafua, yale ya manjano. Yalikuwa maji meupe, membamba, yaliyotoka yenyewe kama bomba lenye mpira uliokatika. Yalidondoka kwenye kikwembe nilichojifunga kiunoni nikiinama kuwasha makala ya jikoni, yakadondoka kwenye chai. Macho yalivimba na kuwa mekundu. Kufika saa tatu pua ilikuwa imeziba kabisa na ninazungumza kama mtu mwenye punje ya hindi ndani yake. Mchana ilipungua. Jioni nilijiona mzima. Asubuhi iliyofuata ikaanza upya.

Wanawake wa kanisa walipopita asubuhi kunijulia hali walinikuta na kitambaa usoni, macho yamevimba. Mmoja wao, mama mnene mwenye huruma nyingi, alinikumbatia akaanza kulia mwenyewe.

"Lia, mutoto yangu, lia. Njo vizuri. Ulikuwa umefunga roho."

Sikumkatalia. Nitasema nini? Kwamba silii, ni pua tu? Na tena, kusema kweli, nami nilianza kuamini kwamba huenda ni kulia. Nilijiambia kwamba mwili umepata njia yake, kwamba machozi yaliyokosa mlango makaburini yametafuta mlango mwingine. Kulikuwa na asubuhi ambapo nilikaa ukingoni mwa kitanda, maji yakinitoka puani, nikaona karibu afadhali. Angalau kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinamlilia mama.

Shangazi hakuliona hivyo. Alitoka kijijini kwake na mfuko wa mihogo mikavu, akalala kwetu siku kadhaa, akanitazama kila asubuhi. Siku ya kuondoka alimwambia Baba mbele yangu:

"Muke yako mwenye alikufa hajaenda. Iko anamushikilia mutoto. Unaona vile anaamukaka na machozi? Muntu hawezi kulia vile yeye mwenyewe."

"Dada, tuache maneno ya vile," Baba akasema. "Siye tuko bantu ba kanisa."

"Na minyi niko ya kanisa. Ya Katolika. Lakini macho niko nayo."

Baba aliinuka akambebea mzigo wake. Ila tangu siku ile, kila aliponisikia nikipiga chafya asubuhi, aliacha kunywa chai yake, akanitazama kupitia mlango uliofunguliwa nusu, kwa jicho ambalo sikulijua.

Tulijaribu kila kitu. Nilijifukiza majani niliyopewa na jirani, nimefunikwa kichwa juu ya sufuria kwenye mbabula, jiko la mkaa, mpaka uso ukaungua. Nilimeza dawa ya malaria, ingawa sikuwa na homa. Nilipaka marhamu ya kafuri chini ya pua. Hakuna kilichobadilika, na muda si mrefu shule nayo ikaanza kuniogopa. Ninafundisha darasa la tatu, watoto wamebanana kwenye madawati, na vumbi la chaki lilinichokoza zaidi. Mkuu wa shule, mtu mpole, aliniita nje akasema wazazi wanauliza maswali. Kuna mwanafunzi mmoja ambaye baba yake alikufa kwa kifua kikuu, na mama yake hataki mtoto akae mbele ya mwalimu anayechafua kitambaa kimoja kabla ya mapumziko.

"Haiko minyi nasema," aliniambia. "Bazazi njo banasema. Uende ku hospitali, barudishe roho chini."

Kanisani pia, kwenye benchi la kwaya, dada aliyekuwa akikaa karibu nami alianza kuweka mkoba wake katikati yetu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mtoto mchanga.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Walinipima makohozi, wakanirudisha nyumbani, wakaniita tena: hakuna kifua kikuu. Nilidhani yameishia hapo, lakini mganga aliyekuwa zamu, mwanamke kijana aliyeletwa kutoka Lubumbashi, alinionyesha kiti.

"Inaanzaka saa gani?"

"Asubui, wakati naamuka."

"Na kwa masomo, ku shule?"

"Inapungukaka. Mangaribi nakuwa muzima."

"Na mbele, ulikuwaka nayo?"

"Hapana."

"Sasa unalalaka wapi, mama mwalimu? Kitanda ya namna gani?"

Nikamweleza. Kitanda cha mama, godoro la sufi, bulangeti, ugonjwa wa mama, mvua, madirisha ambayo hatukuyafungua kwa miezi kwa sababu mama alikuwa anasikia baridi. Aliacha kuandika, akatikisa kichwa polepole.

"Hii haiko mafua. Haiko mikrobe. Iko alerji. Ndani ya matela ya zamani, ile godoro, muko tududu tudogo, hautatuona na macho. Tunapendaka fasi ya joto na majimaji. Unalala, unavuta mavi yao na vumbi yao usiku muzima."

"Ile tududu tunakulaka nini?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nani?"

Alisita. Nadhani aliona uso wangu.

"Ya bantu. Tupande tudogo twa ngozi tunaangukaka ku mwili kila siku. Ya kila muntu mwenye alilalaka pale."

Kisha alinieleza mengine, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, na mimi niliyasikia kwa mbali. Baadaye niliyapanga kichwani kama ninavyopanga somo. Kuna watu ambao mwili wao, ukikutana na vumbi la namna hiyo, hulidhania ni adui. Mara ya kwanza haufanyi kelele. Unatengeneza tu silaha zake kimya kimya, unazibandika kwenye chembe fulani zilizo katika ngozi laini ya ndani ya pua, kama walinzi waliopewa picha ya mwizi. Adui akirudi, walinzi wale wanamtambua na kupasuka, na ndani yao inamwagika kemikali. Kemikali hiyo inachokoza mishipa ya fahamu, ndiyo mwasho na chafya. Inailegeza mishipa midogo ya damu mpaka maji ya damu yanavuja kupitia kuta zake, na nyama za ndani zinavimba, ndiyo sababu pua inaziba. Na amri inafika kwenye tezi za ute, ambazo kazi yake ya kila siku ni kuilowesha pua kidogo ili ishike vumbi, nazo zinafunguka zote kwa pamoja. Makamasi yale ni maji ya kumfagia adui nje. Ila adui hayupo. Ni vumbi tu, na mwili unapigana nalo mpaka unajichosha.

Aliniandikia vidonge, akaniambia vitanipa usingizi. Akasema pia kwamba vidonge peke yake havitatosha. Godoro litoke. Bulangeti lichemshwe, lianikwe juani.

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu, ingawa pikipiki zilikuwa zinanipigia honi. Nilikuwa nafikiria tupande tudogo twa ngozi. Nilikuwa nimemwogesha mama mwaka karibu mzima, nimempaka mafuta ya mawese mgongoni ngozi yake ilipoanza kukauka na kubanduka, na sikuwahi kujiuliza ile iliyobanduka ilikwenda wapi.

Baba alikuwa barazani anamenya karanga. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo. Alisikiliza mikono yake ikiendelea na kazi, na nilipofika kwenye godoro mikono ikasimama.

"Mama yako alilala pale tangu tulioana. Na minyi pembeni yake. Pua yetu haikutokaka kitu."

"Dokta anasema kila mwili iko na namna yake, Baba."

"Dokta iko mutoto."

"Baba, iko anasema kweli. Kaniama sikukuwa na hii."

"Unasema mama yako iko anakugonjesha."

"Hapana, Baba. Sisemi vile."

"Unasema alikuwa muchafu."

Mama yangu alikuwa mwanamke ambaye alifagia ua kabla jua halijachomoza, aliyepiga pasi mpaka vitambaa vya sahani. Barabara nzima ilijua hivyo. Mtu akimtembelea bila taarifa alipata kikombe kilichosuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Na sasa binti yake mwenyewe amerudi kutoka hospitali kusema kitanda chake kimejaa wadudu. Baba alibeba sinia ya karanga akaingia ndani. Hatukulizungumza tena.

Nilihamia stoo, nikalala mkekani kati ya magunia ya mahindi. Baba alirudi chumbani. Sijui kama alirudi kwa hasira au kwa hamu. Asubuhi nilipoingia kumtandikia niliona amelala upande wake tu, upande wa ukuta. Upande wa mama ulikuwa haujaguswa, na lile shimo lilikuwa pale pale.

Stoo ilinisaidia kidogo, vidonge vikanisaidia kidogo, lakini kila siku niliingia chumba kile. Nilikuwa binti wa nyumba. Nani mwingine angemtandikia Baba? Mvua zikaisha, upepo mkavu ukaanza, moshi wa nyasi zinazochomwa ukatanda juu ya mji. Asubuhi moja nililiokota bulangeti likiwa limeanguka chini, nikalikung'uta dirishani bila kufikiri. Jua lilikuwa linaingia, na katika mwanga niliona vumbi likipanda kama unga kinuni. Chafya zikanijia. Nilikuwa nimezizoea, sikuogopa. Kisha kifua kikafunga.

Sikujua kwamba pua na kifua ni nyumba moja. Nilivuta hewa ikaingia kama kupitia tundu la sindano, ikapiga filimbi. Nilishika ukingo wa dirisha. Nilisikia Baba akiita "Mama? Mama?" kutoka uani, na sikuweza kumjibu. Aliingia, akaniona, akatoka mbio barabarani pekupeku, mzee yule, akipunga mikono katikati ya barabara mpaka pikipiki ikasimama. Alinipandisha katikati, yeye akakaa nyuma, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Njia nzima alikuwa akinisemea sikioni kitu kimoja:

"Vuta. Vuta, mama. Vuta."

Hospitalini waliniwekea kitu cha kufunika mdomo na pua chenye mvuke wa dawa, na kifua kikafunguka taratibu. Walinilaza wanitazame. Baba alikaa kando ya kitanda mpaka mganga yule kijana alipopita. Alisimama, akavua kofia.

"Iko ile godoro?" akauliza.

"Iko ile, Papa. Na bulangeti."

Baba akavaa kofia yake akaondoka.

Niliporuhusiwa kurudi ilikuwa alasiri. Niliona moshi mweupe nyuma ya nyumba kabla sijafika mlangoni. Jirani alikuwa amesimama kwenye ua wa miti, akanionyesha kwa kidevu tu. Alisema alitaka kumsaidia Baba kubeba, Baba akamkatalia. Alilikokota godoro peke yake, ukumbini, jikoni, mpaka nyuma.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na shimo la takataka, kisu mapajani. Mbele yake kitambaa cha mistari ya buluu kilikuwa kimepasuliwa kutoka juu hadi chini, na alikuwa akichukua sufi konzi kwa konzi na kuitupa motoni. Inashika moto haraka, sufi. Vipande vingine vilimpeperukia, vikakaa kwenye nywele zake na kwenye mabega ya koti.

"Usikaribie," akasema aliponiona. "Ubakie kule."

Nikabaki kule, kitambaa puani. Alichukua nyingine, akaitazama, akaigeuza kiganjani.

"Nilipasua ili nione," akasema. "Nilitafuta kila fasi. Ndani iko mweupe. Unaona? Iko mweupe vile tulinunua. Mama yako hakukuwa muchafu."

"Najua, Baba."

"Minyi nilitaka niseme tu. Hakukuwa."

Akaendelea mpaka kitambaa kikabaki kitupu, nacho akakitupa ndani. Bulangeti nililichemsha mwenyewe kwenye pipa siku iliyofuata, pamoja na mito, vikwembe vyake na vitambaa vyake vya kichwa, vyote. Nilikuwa na hofu ya kifua kile, na sikutaka kubakiza hata kimoja. Maji yalitoka ya kahawia. Nilivianika kwenye kamba, vikakaa juani mpaka vikakauka kama karatasi.

Hofu ilinifanya nisahau jambo moja. Miezi yote ile pua yangu ilikuwa imeziba. Sikuwa nimenusa kitu. Nilikula mboga za sombe, majani yale ya mihogo, bila kujua zimeungua. Majuma kadhaa baada ya godoro kutoka, asubuhi moja niliamka nikasikia harufu ya makala yanayoshika moto kwa jirani, kisha harufu ya udongo, kisha ya sabuni mikononi mwangu. Nilikaa mkekani nikivuta tu hewa. Halafu nikakumbuka, nikaenda kwenye sanduku, nikatoa kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha Jumapili, nikakibandika usoni.

Sabuni. Nilijaribu kikwembe, nikajaribu bulangeti. Sabuni na jua. Nilipekua mpaka chini ya sanduku, nikanusa hata mbao za kitanda pale kichwa chake kilipokuwa. Zilinuka mafuta ya taa ambayo Baba alikuwa amezipaka kuua kunguni ambao hawakuwepo.

Baba hakukaa sana baada ya hapo. Kaka zangu walituma sponji mpya, nene, bado imefungwa kwenye nailoni, lakini hakuilalia. Alisema inampa joto. Kiangazi kilipokuwa kikali alikwenda Kaniama kwa mdogo wake, kusaidia kuangalia ng'ombe, kwa muda mfupi, alisema. Hajarudi. Mdogo wake ananiambia kwamba huko analala mkekani, na kwamba asubuhi anakunja mkeka huo kabla mtu yeyote hajaamka.

Mimi niko bado kwenye nyumba. Shuleni wazazi wameacha kuuliza, na dada wa kwaya ameondoa mkoba wake. Pua haijapona kabisa, mganga alinionya haitapona; upepo ukivuma kutoka upande wa nyasi zinazoungua, maji yanakuja, nameza kidonge, nasinzia mbele ya darasa. Jumapili Baba ananipigia simu. Anauliza kuhusu paa, kuhusu mahindi ya stoo, kuhusu kaka zangu. Mwishoni kila mara nasikia ng'ombe nyuma yake.

"Unavuta muzuri?" anauliza.

"Navuta muzuri, Baba."

"Aya," anasema, na simu inakatika.